Sungura Ukutani

Kuna mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama hapa Kaloleni ambaye ananidai jibu tangu Kwaresima. Nilimwahidi kwamba nitamjibu katika gazeti letu hili, kwa kuwa kila nilipojaribu kumjibu kwa mdomo alinishinda. Nimefundisha shule za msingi kwa miaka zaidi ya thelathini, na si mara nyingi nimeshindwa na mtu mwenye swali moja tu. Basi leo naleta jibu, na ninyi nyote muwe mashahidi.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwanzoni mwa mwaka tuliletewa sanduku la vitabu vilivyokwisha kutumika, zawadi ya marafiki wa ng'ambo. Katikati ya vitabu palikuwa na kalenda ya ukutani, ya miaka ya nyuma, yenye picha kumi na mbili za wachoraji wa zamani. Kalenda iliyopitwa na wakati haina kazi, lakini picha zake zilikuwa safi na karatasi yake nzito. Nikaikata picha moja, nikaibandika juu ya kipande cha ubao, nikaitundika katika kile chumba kidogo cha kusomea kando ya ukumbi. Jumapili iliyofuata nikaikuta imegeuzwa, uso umeelekea ukutani. Nikairudisha ilivyokuwa. Jumapili ya pili nikaikuta imegeuzwa tena. Ya tatu nikafika mapema, nikamkuta mhalifu mkono wake ungali msumarini. Nikamwamkia, maana amenizidi umri, na aliwahi kuninywesha uji wake nilipokuwa mgeni mjini hapa. Akaitika marahaba kwa utulivu kabisa, wala mkono hakuuondoa.

Picha yenyewe ni ya sungura. Amening'inizwa kwa mguu wa nyuma, kichwa chini, mbele ya ukuta mtupu. Kando yake limening'inizwa paja la kondoo, lenye nyama nyekundu na mafuta meupe. Basi, hakuna zaidi. Hakuna meza, hakuna maua, hakuna mtu. Manyoya ya sungura yamechorwa unyoya kwa unyoya, hata ukitazama kitambo unatamani kunyoosha kidole uyaguse, na puani pake pana tone la damu. Aliyeichora ni Mfaransa, Jean-Baptiste Oudry, mwaka 1742, na picha halisi imo katika jumba la makumbusho la mji wa Cleveland, Marekani.

"Mwalimu," akasema mama, "aliyekufa hufunikwa. Hatundikwi watu wakamtazama."

Nikamweleza habari za ufundi, jinsi mchoraji alivyoweza kutofautisha kwa rangi tu manyoya na nyama na ukuta wa chokaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Kisha akauliza, "Haya. Nani alimla?"

Ndilo swali lenyewe. Naanza na upande wake ulio mwepesi.

Katika Ufaransa ya siku zile nyama ya mwituni haikupikwa siku ile ile. Ilitundikwa mahali pa baridi kwa siku kadhaa ili ilainike na kupata ladha, ndipo ikachomwa au ikapikwa polepole kwa mvinyo. Kwa hiyo sungura huyu hakutundikwa kwa dhihaka. Yuko njiani kwenda jikoni, sawasawa na lile paja lililo kando yake. Na picha za namna hii zilitundikwa sana katika vyumba vya kulia vya matajiri, wageni wakala chini yake. Wakati ule ulikuwa na mtindo wake wa mapambo uitwao Rokoko, mtindo wa Ufaransa ya Mfalme Louis wa Kumi na Tano: dhahabu, vioo, nakshi zilizopindapinda kama maganda ya kombe, na rangi laini kama za peremende. Katikati ya raha hiyo yote walipenda kumtazama mnyama aliyekufa. Mtasema ni ajabu. Naomba mnivumilie kidogo.

Huyu Oudry alizaliwa Paris mwaka 1686. Mfalme wake alipenda kuwinda kupita kiasi, na Oudry alifuatana na misafara ya uwindaji akichora mbwa, farasi na paa waliokimbizwa, na michoro yake ikatumika kufumia mazulia makubwa ya kutundika katika majumba ya kifalme. Mfalme alipompata paa dume mwenye pembe zilizomea vibaya, Oudry aliagizwa kuzichora zile pembe kana kwamba zimepigiliwa ukutani, pamoja na kijikaratasi, nacho cha kuchorwa, kinachoeleza mnyama yule alikamatwa lini na wapi. Picha hizo zimehifadhiwa katika jumba la kifalme la Fontainebleau. Hizo sasa si habari za jikoni. Hizo ni hati, kama cheti cha shule.

Tena tukumbuke kwamba katika nchi ile haki ya kuwinda ilikuwa ya mabwana peke yao. Mkulima aliyeliwa kabichi zake na sungura hakuwa na ruhusa ya kumuua sungura yule. Haki hiyo ya mabwana ilifutwa usiku wa tarehe 4 Agosti 1789, wiki chache baada ya mapinduzi kuanza, na ilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kabisa kufutwa. Nadhani hilo latosha kuonyesha jinsi lilivyowachoma wakulima.

Lakini sitaki kumfanya Oudry kuwa tarishi wa mfalme tu. Mwaka 1749 aliletwa Paris faru jike kutoka Bara Hindi, jina lake Clara, aliyekuwa akizungushwa Ulaya nzima watu wakilipa kumwona. Oudry akamchora akiwa hai, kwa ukubwa wake halisi, kwenye kitambaa kikubwa mno ambacho sasa kipo Schwerin, Ujerumani. (Sisi wa huku tuliomzoea Fausta wa Ngorongoro, aliyekufa mwaka 2019 akiwa na miaka 57, tunajua jinsi faru mmoja anavyoweza kuwa na jina na jamaa.) Na kabla ya hapo alikuwa amechora picha zaidi ya 270 za hadithi za wanyama za La Fontaine, ambamo wanyama husema na kudanganyana kama katika hadithi zetu za Sungura na Fisi.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa mama yetu. Nilimwuliza, "Mama, mbona paja la kondoo hulikasirikii?"

Akacheka. "Paja ni nyama, mwalimu."

Ni kweli. Kila asubuhi tunapita mabucha yetu, mapaja yamening'inia kwenye ndoano, wala hakuna anayegeuza uso. Tunauliza bei. Paja halina macho. Lakini Sungura tulimjua kabla hatujajua kusoma. Ndiye aliyemshinda Simba kwa akili, akamtia Fisi matatani, na mwisho wa hadithi daima alitoroka. Kumwona amefungwa mguu mmoja, kichwa chini, ni kuona hadithi iliyokataa kuisha ilivyozoeleka. Mchoraji aliwaweka wawili hao pamoja kwa makusudi, nadhani, yule mwenye uso na lile lisilo na uso, akatuachia sisi tuone kwamba wote wawili ni kitu kimoja.

Sasa natoka Ufaransa, maana mtu wa Arusha hana haja ya kwenda mbali kuyatafuta mambo haya. Mji wetu umekula kwa uwindaji tangu zamani. Misafara ilitoka hapa, na hata leo kampuni nyingi za uwindaji wa kitalii zina ofisi zao hapa. Mgeni hulipia leseni, hupewa mwindaji bingwa wa kumwongoza kitaluni, hupiga mnyama aliyeruhusiwa, kisha pembe, ngozi au kichwa kizima husafirishwa kwenda kwao. Vitu hivyo kwa lugha ya sheria huitwa nyara. Neno hilo lastahili kutazamwa na mwalimu wa Kiswahili. Wazee walilitumia kwa mali na watu waliochukuliwa vitani. Ndiyo maana hata leo twasema mtu ametekwa nyara. Aliyelichagua neno hilo kwa pembe za tandala alijua lugha. Mnyama aliyeuawa ili aliwe ni kitoweo. Katika Biblia yetu Esau anapotumwa porini na baba yake anatafuta mawindo, yaani kitu cha kuleta nyumbani na kupika. Bali nyara ni ushahidi kwamba nilikwenda, nikashinda, nikarudi. Zile pembe za Fontainebleau ni nyara. Yule sungura wa 1742 ni mawindo.

Sijayatoa haya katika vitabu peke yake. Marehemu baba yangu alikuwa mchunaji.

Tangu kabla ya Uhuru alifuatana na wawindaji wa Kizungu, miezi miwili au mitatu mbugani, akarudi na mshahara, na harufu ya chumvi haikumtoka hata siku za kanisani. Kuchuna kwa ajili ya nyara si kama kuchuna kwa ajili ya nyama. Ngozi ya shingo hupasuliwa kwa nyuma, mahali ambapo hapataonekana ukutani. Masikio hupinduliwa ndani nje kama soksi, midomo hupasuliwa kwa ndani, kope hutolewa nzima, kisha chumvi hupakwa kila mkunjo, maana sehemu ndogo ikiachwa bila chumvi manyoya hunyonyoka na kichwa chote ni hasara. Baba aliweza kumaliza kichwa cha nyati bila kutoboa popote. Alijivunia kazi hiyo, nami nikajivunia baba.

Lakini alinieleza jambo moja ambalo sikulielewa mpaka nilipozeeka. Alisema mnyama akishaanguka, kitu cha kwanza alichoitiwa hakikuwa kisu, kilikuwa kitambaa. Alifuta damu puani na mdomoni. Alirudisha ulimi ndani, akafunga kinywa. Alikunja miguu chini ya tumbo na kukiinua kichwa kwa kukiegemeza kwenye jiwe, mpaka mnyama akaonekana kama amelala anapumzika. Ndipo mgeni akapiga magoti nyuma yake na bunduki yake, picha ikapigwa. Na huko mbele ya safari kichwa kitatiwa macho ya kioo. Ukimwona ukutani utadhani ametoka kunywa maji sasa hivi.

Basi fikirini tone lile la damu. Oudry, mchoraji wa mfalme, mwenye kulipwa vizuri, katika zama zilizopenda dhahabu na peremende, aliliacha. Hakulazimika. Angeweza kuliruka kwa brashi na hakuna ambaye angemlaumu. Baba yangu alilipwa kulifuta. Nikiulizwa ni nini kibaya katika nyara, sitaanza na fedha wala na Wazungu. Nitasema kwamba nyara inakanusha kwamba kuna aliyekufa. Yule nyati anaonyeshwa kana kwamba angali hai, tena mwenye fahari, ili fahari yote imwendee aliyemuua. Katika picha ya sungura aliyeua hayumo kabisa. Hatujui sura yake wala bunduki yake. Yumo sungura tu, na amekufa kweli.

Nikikomea hapo nitakuwa nimejipendelea, kwa hiyo naendelea.

Mwaka 1973 Serikali ilifunga uwindaji wa kitalii nchini, ukafunguliwa tena 1978. Kwa nchi huenda lilikuwa jambo la busara. Kwa nyumba yetu ilimaanisha kwamba baba alikaa nyumbani na visu vyake. Ikafuata miaka ya ukame, ambayo wengi wenu mnaikumbuka kwa unga wa njano. Sisi tulikuwa watoto saba. Usiku baba alianza kutoka na waya. Asubuhi tulikula nyama ya swala, na mama akatuagiza tusiseme shuleni tulikula nini. Ilikuwa nyama tamu, sitasema uongo. Halafu siku moja Bwana Nyama, ndivyo tulivyomwita afisa wa wanyamapori siku zile, akafungua gunia la mkaa njiani, na ndani ya mkaa palikuwa na paja. Paja lisilo na uso. Mashtaka yakasomwa: kupatikana na nyara za serikali.

Neno lile lile. Kwa sheria hata nyama ile ya kuficha katika mkaa ilikuwa nyara, ingawa hakuna mtu duniani aliyeiona fahari kidogo kuliko baba yangu siku ile. Alifungwa. Aliporudi alisema hivi, na hakulirudia tena: "Mnyama yule yule, kisu kile kile. Kilichopungua ni karatasi." Mimi nilipokwenda chuo cha ualimu, kwenye fomu mahali pa kazi ya mzazi niliandika mkulima. Si mchunaji, wala jambo lingine. Mkulima.

Kwa miaka mingi niliyashika maneno ya baba kama haki yetu. Leo siwezi kuyashika yote. Nimeishi nikaona Operesheni Uhai ya mwaka 1989 ilipobidi jeshi liingie porini kwa sababu ya tembo. Nimeona tena hesabu zetu zilivyoanguka, kutoka tembo zaidi ya 100,000 katika sensa ya mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014. Kila mwenye waya ana watoto saba nyumbani, au husema anao. Karatasi, pamoja na ubaya wake wote, inahesabu, na waya hauhesabu. Waya humnasa jike mwenye mimba na ndama kwa bei moja, tena mara nyingi mwenye waya harudi, mnyama akaoza bila kuliwa na mtu. Ningekuwa na baba leo ningemwambia hayo, kwa heshima, na nadhani angenyamaza. Kisha angeniuliza karatasi ile inauzwa kiasi gani, nami ningenyamaza. Tangu 2020 zipo kanuni za mabucha ya nyamapori, mtu anunue nyama ya porini kwa halali kama anunuavyo ya mbuzi. Baba hakuishi kuyaona.

Kwa hiyo swali la mama, nani alimla, si swali jepesi kama nilivyodhani. Swala wa baba aliliwa mpaka mfupa, hakuna kilichopotea, na kuuawa kwake kulikuwa kosa. Nyati wa mgeni aliuawa kwa halali, na nyama yake mara nyingi waligawiwa wanavijiji, lakini aliyemuua alikuja kutafuta kichwa. Sioni mizani ya kuwapima hawa wawili mara moja ikasimama. Naona tu kwamba sheria inauliza nani alimruhusu, mama anauliza nani alimla, na mchoraji anauliza jambo la tatu, nani alimtazama.

Hapo mtu atasema, sisi Waafrika hatuna desturi hiyo ya kuchora mizoga. Kwa kadiri nijuavyo ni kweli. Katika miamba ya Kolo kule Kondoa, iliyoandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, wawindaji wa kale walichora twiga na pofu na tembo, na wengi wao wamesimama au wanatembea. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa na vipande vya ubao, alichora chui na ndege wakiwa wazima, macho makubwa. Hadi leo kwenye maduka ya vinyago hapa mjini hutakuta Tingatinga mwenye mnyama aliyekufa. Hapo awali niliona hilo ni sifa tupu. Siku hizi sina hakika. Tunachinja kila Krismasi na kila Pasaka, na picha zetu zote ni za walio hai.

Nina ushahidi wangu katika hili, nao haunipendezi. Miaka ya nyuma, nikifundisha darasa la sita, mzazi mmoja aliniletea kanga aliyegongwa na gari barabarani. Nikaona ni bahati kwa somo la kuchora. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto achore akionacho, si akijuacho, na zana bora ni kitu halisi. Nikamlaza kanga juu ya meza, juu ya gazeti, bawa moja limefunguka, nikawaambia watoto arobaini na watatu, "Choreni mnachokiona."

Wakachora. Nilipokusanya madaftari nikakuta kanga arobaini na wawili wamesimama. Wengine wanadonoa. Mmoja alikuwa na vifaranga sita nyuma yake na jua linachomoza. Nikawapa nane, tisa, nikaandika "Vizuri sana". Msichana mmoja tu, aliyekaa karibu na dirisha, alichora kanga amelala. Shingo imepinda, vidole vya miguu vimejikunja, jicho limefungwa nusu, na yale madoa meupe aliyahesabu karibu yote. Chini ya mchoro wake niliandika, kwa wino mwekundu, "Umechora mzoga. Mchoro hauna uhai." Nikampa nne.

Hakusema neno. Alisoma, akafunga daftari, akalitia mkobani. Kanga nilikwenda naye nyumbani, mke wangu akampika kwa vitunguu na nyanya, tukamla.

Nilisahau kabisa, miaka mingi, mpaka nilipofungua kalenda ile nikaona sungura na tone lake la damu. Mtoto yule peke yake ndiye aliyetii agizo langu. Arobaini na wawili walifanya alivyofanya baba yangu kwa kitambaa, nami nikawapa alama za juu. Ndiyo sababu niliikata picha ile nikaitundika, wala si kwa ajili ya ufundi wa manyoya niliomweleza mama. Hilo sikumwambia siku ile msumarini.

Kuhusu kufunika kwake nimefikiri sana. Katika Walawi sura ya 17 mwindaji anaamriwa kwamba akimpata mnyama au ndege wa kuliwa, aimwage damu yake na kuifunika kwa mavumbi. Nilidhani mstari huo ni wa upande wa mama, nami nimeshindwa. Lakini angalieni ni nani anayefunika. Ni yule yule aliyeua, kwa mkono wake, akiinama. Hawezi kuifunika pasipo kuiona. Kitambaa cha baba kilikuwa cha namna nyingine; kilifuta ili mwenye bunduki asione. Mama anapomgeuza sungura ukutani anafanya kama yule wa Walawi, maana yeye alimwona kabla hajamgeuza, tena alimwona kuliko mimi niliyempitia kila Jumapili nikisifu rangi. Kwa hiyo sitamlaumu tena. Nasema tu kwamba wale waliokuja Jumapili ile wakakuta ubao mtupu hawakupata nafasi ya kuona, na kwa hiyo hawakuwa na cha kufunika.

Haya yote nilimsomea kabla ya kumpelekea mhariri, maana si adabu kumjibu mtu mbele ya parishi nzima kabla hajasikia. Tulikaa katika chumba kile cha kusomea. Alisikiliza habari za mfalme bila hamu, akasikiliza habari za baba ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akavaa miwani, akainuka, akaigeuza picha mwenyewe, akasogeza uso karibu kabisa na pua ya sungura. Akakaa hivyo kitambo.

"Kumbe aliliona," akasema.

Kisha akavua miwani. "Yule msichana yuko wapi sasa?"

Nikamwambia yupo hapa hapa Arusha, ni mtu mzima mwenye watoto, hukutana naye soko la Kilombero na huniamkia kila mara, shikamoo mwalimu.

"Umemwambia?"

Nikanyamaza. Akachukua kikapu chake, akasema lazima apite buchani kabla hawajafunga.